Nishati ya Kihamba Inavujia Wapi

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, mabwana shamba na mabibi shamba, wazee wetu, mama zetu mliopanda na mlioshuka mlima kufika hapa: shikamooni, na habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie nishati inayotumika katika kilimo cha asili cha milimani, na kama kilimo hicho kinalipa. Milima ni mingi. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, yale mashimo ya kilimo ya mteremkoni, Wapare wana ndiva zao za kukinga maji usiku. Leo tutakaa Kilimanjaro, ndani ya kihamba, lile shamba la Mchagga linaloizunguka nyumba yake, maana hesabu yake tunaweza kuipiga mbele yenu na kila mmoja akaenda kuihakiki kwake.

Kihamba kimesifiwa sana. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikiingiza kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia, na kilistahili. Ila sifa haziivishi maharage. Hoja yetu inaanzia hapo hapo kwenye maharage: shamba la kihamba ni bahili wa nishati, lakini nyumba iliyomo ndani ya kihamba inaimwaga. Mwago mkubwa kuliko yote uko jikoni. Mwingine uko mferejini, mwingine nyuma ya ng'ombe, na mwingine kichwani pa mama anayepanda na mzigo wa majani.

Tutapima kwa uniti za umeme, zile zile mnazonunua kwenye LUKU. Lita 1 ya dizeli ina uniti 10 hivi. Kilo 1 ya kuni zilizokauka ina uniti 4 na ushei. Mtu mzima anakula chakula chenye uniti 2.8 kwa siku, na akishika jembe kwa nguvu kwa muda wa saa 8, kazi inayotoka mikononi mwake haizidi uniti 0.6. Nyingine yote inakwenda kwenye joto la mwili, pumzi na jasho.

Sasa tuchukue kihamba cha ukubwa wa kawaida kwa vipimo vya miaka ya 1980, hekta 0.68, yaani eka 1.7. Juu kabisa kuna miti: mruka, mringaringa, mgrivea, na msesewe kwa wale wasioachana na mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini ya miti ipo migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa maharage, magimbi na majani ya mifugo. Kwa mwaka tukipe mikungu 275, maharage kilo 125 na kahawa kilo 280 iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa, bado na ganda lake gumu.

Mkungu wa kilo 15 ukiuondolea kikonyo na maganda unabaki na kilo 8 za kuliwa, nazo zina uniti 11. Mikungu yote ni kama uniti 3,000. Ongeza maharage, uniti 480 hivi. Jumla 3,500, chakula cha watu wazima watatu na nusu kwa mwaka mzima. Jua nalo linamwaga hapo uniti 4.5 kwa kila mita ya mraba kila siku, zaidi ya uniti milioni 11 kwa mwaka. Tunachokula ni sehemu 3 katika kila 10,000 za jua hilo. Msishtuke, mimea ndivyo ilivyo. Nyingine imekwenda kwenye majani, mashina, mizizi na mvuke.

Kazi je? Tukadirie siku 200 za mtu mzima kwa mwaka, kupogolea, kupalilia, kuchuma, kutoa machipukizi ya migomba ili shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Hapa ndipo wasomi wanapogombana. Ukihesabu nguvu ya mkono peke yake, siku 200 ni uniti 120, na kihamba kinarudisha 29 kwa kila 1. Ukihesabu chakula chote cha mfanyakazi, ni uniti 560, na kihamba kinarudisha 6 kwa 1. Shamba ni lile lile, jembe ni lile lile. Mtu akikuletea namba ya ufanisi wa kilimo cha asili, muulize kwanza amemhesabuje mkulima. Sisi tunashika ile ya 6, kwa sababu mkulima hali nusu mlo.

Kuna jambo wapenzi wa kihamba hawapendi kulisikia. Hekta 1 ya mahindi kule tambarare, ikilimwa kwa trekta na kuwekewa mifuko 2 ya urea, ikatoa tani 2.5, ina uniti 10,600 za chakula. Dizeli ya kulima ni lita 20 hadi 25, tuseme uniti 240. Urea hiyo ina kilo 46 za naitrojeni, na kila kilo imekula uniti 15 hivi kiwandani, jumla kama 690. Weka na siku 60 za mtu. Jibu linakuja kati ya 9 na 10 kwa 1. Kwa hiyo mahindi ya trekta yanaishinda migomba, kwa uwiano na kwa hekta pia, tukitazama kalori tu. Anayesema kihamba kinashinda kwa kila kipimo hajapima.

Tofauti iko kwenye mfuko. Katika uniti 1,100 zilizoingia kwenye mahindi, 930 zimenunuliwa, tena zimenunuliwa kabla mvua haijajulikana. Masika yakikatika, mahindi yanarudisha sifuri na deni la urea liko pale pale. Kihambani ukikosa mikungu 50 hukudaiwa na mtu. Halafu kihamba kinatoa na kahawa, maziwa, kuni na majani, vitu ambavyo mahindi hayatoi. Kahawa haishibishi, lakini ndiyo inayolipa ada. Kwa nishati haipo kwenye hesabu, kwa fedha ndiyo hesabu yenyewe.

Kahawa hiyo tuitazame kidogo. Kilo 280 kavu zimetoka kwenye matunda mekundu kilo 1,400, kwa kuwa kilo 5 za matunda zinatoa kilo 1. Mchumaji mzuri kwenye mteremko anachuma kilo 40 kwa siku, hivyo ni siku 35 za kuchuma tu. Ukimenya nyumbani unabeba kilo 280 kwenda chamani. Ukipeleka matunda kwenye mashine ya pamoja unabeba 1,400, bei inakuwa nzuri zaidi maana uchachushaji na uoshaji unasimamiwa, lakini maganda yote yanabaki kule. Maganda hayo yana potasiamu nyingi, chakula cha mgomba. Anayeshusha matunda na apandishe maganda kwenye magunia yale yale. Na mwenye mibuni ya zamani anapulizia dawa mara 6 hadi 8 kwa msimu kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani. Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kutoka Lyamungo inastahimili magonjwa yote mawili, na pale ndipo gharama kubwa ya fedha taslimu inapofutika.

Tuje kwenye maji. Mfongo, ule mfereji wa asili unaoleta maji vihambani, ni mashine isiyo na injini. Kupandisha lita 1,000 kimo cha mita 100 kunadai uniti 0.27 kwa hesabu ya kitabuni, na kwa pampu ya kweli ni karibu nusu uniti. Mfongo unaofikisha lita 12 kwa sekunde unaleta zaidi ya lita milioni 1 kwa siku. Ungezivuta kwa pampu kutoka bondeni, mita 100 chini, ungelipa uniti 500 kila siku. Wazee walizipata kwa kuchonga mteremko wa mita 2 hivi kwa kila mita 1,000. Ukizidisha, maji yanachimba kitako cha mfereji. Ukipunguza, matope yanatua na mfereji unafurika kingo.

Lakini pimeni mnachopoteza. Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10 karibu na banio, pale maji yanapoingia mferejini. Pima upana na kina, dondosha jani kavu, hesabu sekunde. Tuseme upana mita 0.5, kina mita 0.2, jani limetumia sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha vyote, kisha zidisha kwa 0.75 maana maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu. Unapata lita 30 kwa sekunde. Rudia mwisho wa mfereji. Ukikuta 12, basi 18 zimepotelea njiani bila mtu kuzifungulia. Tembea na mfereji: kwenye kona, kwenye mizizi mikubwa, kwenye mashimo ya fuko na kaa, na pale unapopita juu ya changarawe. Mara nyingi sehemu mbovu ni mita 100 au 200 tu katika kilomita 3. Hizo ndizo za kukandikwa udongo wa mfinyanzi unene wa kiganja, ukashindiliwa ukiwa na unyevu, au kuwekewa bomba. Kujengea saruji mfereji mzima ni anasa, na tena si maji yote yanayovuja yamepotea: mengine yanaibukia kwenye chemchemi za majirani wa chini.

Ng'ombe sasa. Watu wengi hapa wanamhesabu kwa maziwa. Sisi tunaomba mumtazame kwa nyuma.

Ng'ombe wa ndani anayetoa kinyesi kilo 10 kwa siku anatoa naitrojeni kilo 16 kwa mwaka kwenye kinyesi. Kiasi kinachokaribia hicho kinatoka kwenye mkojo. Zote mbili ni kama kilo 70 za urea, mfuko mmoja na nusu. Kinyesi tunakizoa. Mkojo tunauacha. Ile harufu inayochoma macho ukifungua banda alfajiri ni naitrojeni inayopaa. Ukiinusa, ujue urea yako iko hewani. Dawa yake si ghali. Sakafu ya zege, au mawe yaliyopangwa na kuzibwa, iwe na mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita kuelekea nyuma. Hapo nyuma kuwe na mfereji mdogo unaoingia kwenye pipa lililofukiwa, lenye kifuniko. Kila baada ya siku mbili changanya ndoo 1 ya mkojo na ndoo 3 za maji, mwagia kuzunguka shina la mgomba, umbali wa hatua moja ndogo, kisha fukia kwa udongo. Usipofukia umehamisha harufu tu kutoka bandani kwenda shambani. Lundo la samadi nalo likae kivulini, lifunikwe majani ya migomba. Likipigwa na mvua, maji meusi yanayotiririka ndiyo mbolea yenyewe inayokwenda mtoni.

Malisho ndiyo tatizo. Ng'ombe wa kilo 350 anahitaji karibu kilo 50 za majani mabichi kwa siku. Shina la mgomba linamjaza tumbo, lakini zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake ni maji na protini yake ni ndogo mno; ukimpa hilo tu, maziwa yanashuka ndani ya wiki. Mabingobingo na gwatemala vikipandwa kwenye kingo na matuta vinasaidia, lakini kumlisha ng'ombe mmoja kwa majani matupu kunahitaji kama hekta 0.3, na kihamba hakina nafasi hiyo. Ndiyo maana mabua na majani yanapanda kutoka tambarare, na yanapanda kichwani.

Huo mzigo husemwa ni bure. Mama anayetumia saa 5 kwenda na kurudi na kilo 20 za mabua makavu ametumia uniti 1.7 za mwili wake, karibu uniti 0.09 kwa kila kilo. Pikapu inayopandisha kilo 800 kwa lita 5 za dizeli, kwenda na kurudi, imetumia uniti 50, yaani 0.06 kwa kilo. Gari linatumia nishati kidogo kuliko kichwa! Na saa za mama hatujazihesabu: mizigo 40 ya namna hiyo ni saa 200. Mabua yakikatwakatwa na kufungwa kwa kamba ndani ya kasha la mbao, yanakanyagwa hadi yanashikana, gari linajaa uzito badala ya kujaa hewa. Kaya 5 zikichangia safari moja, hesabu inakubali. Hapa asili haina cha kutetewa.

Tumefika jikoni, na hapa tunaomba muda kidogo.

Kaya ya mlimani inayopikia mafiga matatu inatumia kuni meta za ujazo 4 hadi 6 kwa mwaka. Chukua 5. Kila meta ina kilo 600 za kuni kavu, uniti 2,670. Zote ni uniti 13,300. Kumbukeni chakula chote cha kihamba kilikuwa uniti 3,500. Tunachoma karibu mara nne ya nishati tunayovuna kama chakula, ili chakula hicho kiive. Na kihamba chenyewe kinatoa kuni meta 1 hadi 2 kwa mwaka kutokana na kupogolea. Zinazobaki zilikuwa zikitoka msituni. Ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya vijiji kama hayo, na mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo zinanunuliwa, au zinaokotwa kwa kujificha.

Kati ya uniti 13,300 zile, mafiga yanaingiza chunguni kama 12 katika kila 100. Yaani uniti 1,600 ndizo zinazopika. 11,700 zinapasha moto ukuta, dari na macho ya mpishi. Kuingiza chunguni uniti 1,600 kwa jiko la gesi, ambalo nalo linapoteza joto, kungedai kama mitungi 15 ya kilo 15, kwa anayetaka kulinganisha bei.

Jiko banifu lililojengwa vizuri linafikisha 25 katika 100. Mahitaji yanashuka kutoka meta 5 hadi 2.4. Lakini lililojengwa vizuri ni lipi? Chungu kiingie ndani ya jiko, na nafasi kati ya chungu na ukuta isizidi unene wa kidole. Mdomo wa kuni uwe mdogo, sentimita 12 kwa 12 unatosha. Wengi wanaupanua ili gogo zima liingie, na hapo jiko linarudi kuwa mafiga yenye kuta. Kuni zipasuliwe ukubwa wa kifundo cha mkono na zikaushwe miezi mitatu chini ya paa. Kuni mbichi zina karibu nusu ya uzito wake maji, na moto unafanya kazi ya kuchemsha kuni kabla ya kuchemsha kiburu, ndizi zetu na maharage. Maharage yalowekwe usiku kucha, mfuniko ukae juu, na yakianza kuchemka punguza kuni. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayotokota taratibu. Yanapungua upesi tu.

Halafu ongeza bayogesi, gesi ya kupikia inayotolewa na vijidudu vinavyoozesha kinyesi ndani ya mtambo uliozibwa. Tuseme ng'ombe 2 wanatoa kinyesi kilo 24 kwa siku tukizoa vizuri. Changanya na maji lita 24, unapata gesi kama meta ya ujazo 0.9, uniti 5.4, na uniti 3 zinafika chunguni. Kwa mwaka ni kama 1,080 katika zile 1,600. Zinazobaki, 520, kwa jiko banifu zinahitaji kuni meta 0.8 tu. Kihamba kinazo.

Hiyo ni kwa wanaoishi chini, kwenye joto. Ukipanda karibu na mstari wa msitu baridi inawatuliza vijidudu, na gesi inaweza kupungua theluthi. Huko mtambo uwe mkubwa zaidi, tope likae siku 80 badala ya 60, ujengwe mahali panapopigwa jua la mchana na ufunikwe udongo mnene. Hata hivyo kuni zinazohitajika zinakuwa meta 1.3, bado ndani ya uwezo wa kihamba. Mitambo mingi iliyokufa haikuuliwa na baridi. Imekufa kwa sababu ng'ombe mmoja aliuzwa, au mtu alimimina maji mengi ili kinyesi kiteremke haraka, au mchanga wa sakafuni uliingia ukajaa chini. Na mwali ukianza kurukaruka, usimwite fundi kwanza: fungua bomba sehemu ya chini kabisa, utatoa maji yaliyotuama. Tope linalotoka lina naitrojeni ile ile iliyoingia, sasa ikiwa rahisi zaidi kufyonzwa. Hivyo kinyesi kimoja kimepika na kimerutubisha.

Sasa ile hekta 0.68 ikigawiwa vijana watatu ni hekta 0.23 kila mmoja. Chakula kinagawika kwa tatu, kuni zinagawika, lakini mafiga hayagawiki: yanakuwa matatu mara tatu, kila jiko na meta zake 5. Ardhi ile ile inayotoa meta 2 inadaiwa 15. Kabla ya kuzozania mpaka na kuhamisha masale, ile mimea ya mpakani, ndugu wangeanza kwa kuweka ng'ombe pamoja kwenye banda moja lenye mtambo mmoja na bomba la gesi kwa kila jiko.

Tunaomba kila chama kipime kaya 10 kabla ya msimu wa kuchuma. Mzani wa kupimia kahawa unatosha. Asubuhi pima fungu la kuni na uliweke pembeni, wapike kwa hilo tu. Jioni pima kilichobaki, toa, andika, pamoja na idadi ya waliokula na kama maharage yalipikwa siku hiyo. Fanya siku 7 mfululizo, Jumapili ikiwemo kwa kuwa siku hiyo wageni hufika. Kuni zipimwe zikiwa kavu. Ukipiga vipande viwili vikatoa mlio mkali badala ya mlio mzito, zimekauka. Daftari walipokee makatibu, na mabwana shamba waje nalo hapa mwezi ujao.